Daftari la Bwawa

Baba yangu Anselmo hakuwahi kuandika barua.
Aliandika hili: daftari la jalada la bluu
lililofungwa kwa mpira, ndani ya banda la pampu,
kati ya ndoo ya klorini na buibui wake.

*Mei tatu. Asidi saba nukta nne. Klorini mbili. Maji baridi.*
*Mei nne. Saba nukta nne. Mbili. Vyura wawili, nimewatoa.*

Miaka kumi na tisa, hivyo hivyo.
Alfajiri, kabla jua la Kordoba halijaanza kuchoma vigae,
alichota maji kwa kichupa, akadondosha dawa,
akakiinua usawa wa jicho
kama sonara aliyeletewa almasi na mtu asiyemwamini.
Rangi ya waridi ikitulia, naye hutulia.
Ikipauka, hapana kifungua kinywa.

Tusidanganyane: ni mita nane kwa nne.
Maji ya kifuu, na sisi ndio chungu wake.
Lakini lilikula.
Lilikula umeme, likala mchanga wa kichujio kwa magunia,
likala Jumamosi zote za mama
aliyetaka tu kupelekwa Kadisi
akaione bahari, ambayo haipigwi brashi.

Natafuta mwaka ule. Huu hapa.
*Agosti kumi na moja. Saba nukta sita. Moja na nusu.
Remedios ameondoka na sanduku la kijivu.
Nimeongeza klorini.*

Nilicheka peke yangu bandani.
Kisha nikakaa juu ya ndoo, kicheko kikanishinda kukimaliza.

Nami nimo, mstari mmoja:
*Nieves amevuka chini ya maji, mwisho hadi mwisho, bila kuvuta pumzi.*
Siku ile alinipa mgongo,
anaopoa sindano za msonobari kwa wavu wake mrefu.
Niliibuka nikitweta, nikatazama shati lake,
nikaapa sitaogelea tena mbele yake.

Februari alilazwa. Aprili nilikuta maji ya kijani,
mazito kama mlenda uliosahaulika jikoni,
na juu yake utando mwekundu
wa ile mvua inayobeba vumbi kutoka Sahara.
Fundi Eutimio alitia fito, akaivuta, akainusa.
"Mwaga. Fukia. Panda malimau."
Kumwaga ni rahisi. Lakini mwaka huu wa ukame
baraza la mji limekataza kujaza mabwawa;
maji yakimwagika hapa hayazoleki, na faini juu.

Alhamisi anakuja mnunuzi kutoka Madridi.

Nimesugua siku tisa.
Nimejifunza kwamba pampu hukohoa kabla ya kuvuta,
kwamba asidi hutiwa majini, kamwe si maji kwenye asidi,
kwamba mgongo wa mtu wa miaka arobaini na sita
una misumari ambayo hakuipigilia mwenyewe.
Siku ya sita niliiona ngazi ya pili.
Siku ya nane, sarafu chini kabisa, peseta, fedha isiyotumika tena.

Jana jioni nilifika ukurasa huu:
*Mbayuwayu wamerudi. Nimezima pampu wasishtuke.*
Na ukurasa uliofuata: *Nimezima pampu.*
Na wa mwaka uliofuata. Na wa ule mwingine.

Nikatoka, nikaizima.
Kimya kilipotanda uani walikuja,
mmoja, kisha sita, kisha sikuhesabu,
vinywa wazi, wakikwangua uso wa maji bila kutua,
kila mmoja akiacha mkwaruzo uliojifunga nyuma yake.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo, yaoge.
Nilikuwa nimeshavua viatu.

*Aprili ishirini na saba. Saba nukta nane. Klorini tano, nimezidisha.
Maji baridi mno. Macho yanawasha.
Nimevuka nusu tu.*