Ndoo ya Kiyoyozi

Mdalasini aliamka na vidonda upangani,
vidogo kama ufuta ulioungua.
Nikasema: Sheha huyo, jogoo asiye haya, kamdonoa.
Nikamfungia siku mbili. Hana kosa.

Siku ya tatu vimekuwa vyeusi, vigumu,
vimeteremka ndevuni, vimelizingira jicho
hata likafumba kama dirisha la nyumba ya udongo
iliyohamwa na wenyewe.
Jeraha la mdomo lina damu, tena lina upande.
Hili halikuwa na upande. Hili lilipandwa.

Ghaniya akachungulia ukutani:
"Jicho hilo, Bi Zuweina. Uliyasifia mayai mbele za watu."
Akaleta ubani. Nikaufukiza;
ubani haumdhuru kuku, na jirani ni jirani.

Usiku nikamsikia Ukaya akikoroma.
Nikampanua mdomo kwa taa ya simu:
utando wa manjano kooni, kama ukoko wa uji.

Dokta Babikiri, Msudani, alikuja na kijisanduku cha barafu.
"Judari," alisema,
nami nikaisikia kwa Kiswahili: ndui.
Mama yangu alikuwa na uso wa ndui.
Chake Chake nzima ilimjua kwa mashimo yale;
mimi nikiyahesabu kwa kidole akilala.

"Haina dawa ya kuiua. Watenge wagonjwa.
Magamba usiyabandue, ugonjwa umelala humo.
Paka iodini. Jicho lioshe kwa maji ya chumvi, vuguvugu.
Chakula kilainishe. Wiki tatu, nne.
Na huyu wa kooni..."
Hakumaliza.

Kisha: "Mbu wenu wanakaa wapi?"
Nikacheka. Ibra hii? Falaji yenyewe inakimbia!
Akazunguka nyumba, akasimama nyuma ya chumba cha Yaqdhani,
chini ya kiyoyozi,
tone, tone, tone,
kwenye ndoo niliyoitega mwenyewe
maji yasipotee, niumwagie mrehani.
Viluwiluwi vilikuwa vinacheza ndani.
Mimi, mtoto wa mvua za Pemba,
niliyejifunza huku kutotupa hata tone.

Ukaya alikufa Alhamisi.
Wazima kumi na mmoja wakachanjwa
kwa sindano ya meno mawili,
kwenye ngozi nyembamba ya bawa, pale mwanga unapopenya.
"Siku ya saba tazama. Pakivimba, imeshika.
Pasipovimba, niite."

Siku ya saba nikakalia kiroba cha pumba,
nikafunua bawa moja moja.
Sheha alinipiga kucha; haki yake.
Kijivimbe. Kijivimbe. Hapa hamna, hebu geuka,
kumbe kipo.
Nikapandisha mkono wa kanzu:
kovu langu la skuli, duara, bado linang'aa.
Siku ile mama alinishika kwa nguvu
na uso wake akaugeuzia ukutani.

Kiyoyozi sasa kina mpira hadi kwenye mrehani.
Mdalasini anataga tena, siku moja moja.
Upanga wake una mashimo.
Hata gizani, nikipapasa bandani,
namjua.