Pipa la Saba

Chupa imefika Asunsioni kwa basi la usiku,
imevikwa soksi ya Derlis,
shingoni uzi, na kwenye uzi kikaratasi:
pipa la saba, majani ya Agosti.
Mwandiko si wa mama. Mama saba yake huikata kiunoni.

Mdanzi hauna makuu. Matunda yake hatuyataki,
tunayaacha yaanguke, nguruwe wayapitie.
Tunachotaka ni jani, na kijiti kichanga kinacholishika.
Tunavijaza kwenye mtambo wa mbao,
tunavikanyaga kwa miguu hadi vitulie,
kisha moto, kisha mvuke, kisha kungoja
bomba la shaba litoe jasho lake tone kwa tone.
Kilo mia tatu za majani: lita moja
na robo ya manung'uniko.
Nimekua na harufu hiyo kwenye nywele.
Shuleni waliniita Sabuni.

Leo nimevaa koti jeupe. Navuta kwa sindano
mafuta machache kuliko chozi la sisimizi,
nayasukuma ndani ya mrija wa mita thelathini,
mwembamba kama unywele, umejikunja tanurini,
na kila kiungo kinakimbia kwa miguu yake:
limonini mbele, mwepesi, hana mzigo;
linaloli, yule anayewalaza watoto;
na nyuma, mnene, mwenye shamba,
asetati ya linalili, nusu nzima ya chupa.
Vilele vinasimama kwenye kioo. Navijua
kama ujuavyo nyayo za watu wa nyumbani
wakipita gizani kwenda kunywa maji.

Ila kati ya linaloli na terpineoli
pana mtu amepita.
Mfupi. Asilimia moja haifikii.
Nikarudia. Nikaosha sindano, nikarudia.
Yupo.
Dihidrolinaloli: jina refu kwa kitu kidogo hivyo.
Mdanzi haumzai. Huzaliwa kiwandani,
hubaki nyuma kama vumbi la mbao kwa seremala
pale watu wanapoiunda linaloli bila jani wala jua.

Kwenye visahani, siku ya pili,
pipa la sita limefagia duara la milimita kumi na nne
katikati ya bakteria wa majipu.
Pipa la saba: kumi na nne vilevile.
Vijidudu havikuuliza mafuta kapika nani.
Vilikufa tu.

Nikapiga simu. Mama alikuwa akimenya mihogo.
"Mama, la saba ulilinusa?"
Kimya. Kisu kikaendelea.
"Nililinusa. Linaingia vizuri sebuleni,
linasalimia, linavuta kiti.
Halafu halina la kusema."
Akahamia bei ya dizeli. Akahamia pikipiki ya Derlis,
awamu mbili hazijalipwa. Akauliza kama nimekula.
Hakumtaja mtu. Nami sikumtaka ataje.

Cheti kipo mezani. Mnunuzi yuko Jeniva,
anangoja mapipa kumi na mawili chini ya saini moja.
Ubavuni mwa kila pipa wamechora kwa rangi nyekundu: Villasboa.
Chini ya mstari wa saini, jina la mkemia:
Zunilda Villasboa.
Nimejaza namba zote. Ile ndogo
nimeipa mstari wake peke yake,
sikuificha kwenye "mengineyo".
Kalamu nimeiweka.

Chupa nimeirudishia kizibo. Soksi nimeifua mara mbili,
nimeianika juu ya mashine, penye joto la tanuri.
Imekauka, na bado inanukia danzi.
La mtini au la kuundwa, pua yangu haijui.
Ningempelekea mama ainuse,
lakini ni soksi ya mwanawe.