Nani? Mimi

Saa nne usiku, hospitali ya Arua,
jenereta linanguruma nyuma ya chumba cha maiti,
nami nimekalia kreti ya soda mbele ya seva mpya
itakayozijua kompyuta zetu zote kwa majina:
ya maabara, ya famasi, na ile ya wodi ya wazazi
ambayo paka alizalia juu yake.
Asilimia arobaini. Kisha inasimama, inauliza:
watu wako nitawatambuaje?
Viduara viwili. Chagua kimoja.

Cha kwanza ni hodi ya kwetu.
— Hodi!
— Nani?
— Mimi.
Na mlango unafunguliwa, maana sauti yatosha.
Asubuhi uliingia kwa jina lako, kikoa kikakupokea,
basi seva haikuulizi tena; inamwamini aliyekwisha kukuamini.
Hakuna neno la kukariri, hakuna la kuibwa.
Mafunzoni Kampala mkufunzi aligonga meza: hiki, hiki tu,
mkitaka usingizi.

Cha pili kina milango miwili: huo,
na mwingine wa uani, wa mtu asiye na ukoo,
anayekuja na jina na neno, basi.
Herufi mbili ndizo jina lake, sa,
na akishaingia hakuna chumba asichokifungua.

Namkumbuka marehemu Ezati, aliyekikalia kiti hiki kabla yangu.
Mlango wa uani aliufunga kwa jina la bintiye na mwaka aliozaliwa.
Alilijua mhasibu, alilijua fundi wa simu,
alilijua hata kijana wa chapati ng'ambo ya lango,
kwa sababu Ezati alikuwa akilitamka huku akiandika.
Tulipomzika kwao Terego
hakuna aliyethubutu kulibadili.
Lilikaa kama kofia yake pale msumarini.

Kwa hiyo kidole changu kiko kwenye cha kwanza.
Kiko hapo kwa muda.

Ila mwezi wa saba greda lilikata waya Pakwach.
Siku tatu Kampala haikusikika,
na kikoa chetu kiko Kampala.
Tukagonga. Hodi. Nani? Mimi.
Mimi nani?
Candiru wa benki ya damu alisimama mbele ya kioo,
miaka kumi na minne kazini, akiitwa mgeni,
akarudi kuhesabu mifuko kwa kalamu, mgongoni mwa kalenda.
Tena kuna ile programu kongwe ya maabara:
haijui kikoa wala ukoo, inajua jina na neno tu,
na aliyeiandika alihamia Juba, simu yake haipatikani.
Anayemtegemea shahidi mmoja
huomba kila siku shahidi asiugue.

Nikabonyeza cha pili.

Hapo nikaombwa neno. Jina la mtoto sikuligusa.
Niliokota herufi kwenye lebo za dripu, namba kwenye kreti,
na alama ambazo kinywa hakiwezi kuzitamka
hata kikitaka kumsaidia mtu.
Ishirini na nne. Nikalikata katikati:
nusu kwenye bahasha ya Candiru,
nusu kwenye kabati la mofini, lenye funguo mbili
na daftari la kutia sahihi.
Kesho mwenyewe nitakuwa nimelisahau. Ndivyo nilivyotaka.
Ile programu kongwe nikaipa jina lake dogo na chumba kimoja,
isitembeetembee.

Asilimia mia. Saa saba na robo.
Jenereta likazimwa, betri ikaipokea seva,
nikashika njia ya lango gizani.
— Nani? akauliza Ondoma kutoka chini ya blanketi.
— Mimi.
Kimya.
— Mimi nani?
Nikapapasa mkoba, simu imekufa, tochi hakuna,
nikawa namwonyesha plastiki asiyoiona.
Akacheka. Komeo likalia.
— Ungekohoa tu, Draru.