Debe Lisilo na Jina

Waliobuni lugha hii ninayoandikia mifumo waliipa jina la kahawa,
na vibebeo vyake wakaviita buni.
Sidhani waliwahi kufika Vwawa
mwezi wa Juni, vidole vikigoma kwenye kibodi,
jiko la mkaa chini ya meza likinichoma goti moja tu.

Naunda mfumo wa chama cha msingi. Kipande kimoja:
kisanduku cha jina, kisanduku cha kilo, kitufe cha kuhifadhi.
Kitumike kila ukurasa, nilisema, nisirudie kazi.
Lakini ndani yake, kwa uvivu wa usiku, nilishaandika mkulima,
na kilo za mnunuzi zikawa zinatumbukia gunia la mkulima.
Atupakisye wa uhasibu akanipigia:
"Hivi mzee Haonga kajiuzia buni zake mwenyewe?
Na risiti kajikatia?"

Shangazi Tumwene alikuwa na debe la kupimia,
ubavuni rangi nyekundu: MALI YA TUMWENE.
Aliyeliazima alijuta. Karani alisoma debe,
hakuuliza aliyelibeba,
na jasho la jirani likaingia daftari la shangazi.
Akaliparua kwa kisu; meno yangu bado yanaikumbuka ile kelele.
"Debe halina shamba," alisema. "Linapima linacholetewa."

Nikaparua.
Nikaacha uwazi mlangoni: ukurasa unaokuita
ndio utakaokukabidhi buni yake, wewe usiitafute.

Kikagoma.

Saa nane usiku ndipo nikaona: nimekikabidhi jina, si mwenye jina.
Herufi saba, mnunuzi, zimefungiwa ndani ya alama za kunukuu.
Ukiziambia hifadhi, zinakutazama.
Ni kuchemsha karatasi iliyoandikwa kahawa
ukangoja inukie.

Nikalivua nukuu, nikalitia kwenye mabano yanayoita,
nalo likaitika. Mnunuzi kwa mnunuzi. Mtunza ghala kwa ghala lake.
Kitufe kilekile, mikono mitatu.

Asubuhi shangazi akauliza usiku kucha nilikuwa nafanya nini.
Nikamwambia, napima buni za watu.
Akatazama meza, kompyuta, majivu.
"Na debe," akasema, "uliliparua vizuri?"