Kuanzia Ukurasa wa Thelathini na Moja

Nilikinunua Malindi, Soko la Zamani,
chini ya rundo la suruali za mitumba, shilingi sitini,
kitabu cha sarufi ya Kiitaliano
kisicho na kichwa. Mchwa walinitangulia darasani:
kurasa thelathini wamezihifadhi,
tumboni.

Basi nikaanzia nilipoachiwa,
thelathini na moja, wakati uliopita.
Nikajua kusema nilikuwa, nilikula, niliondoka
kabla sijajua kusema nipo.
Salamu sikuzitafuta. Salamu zimejaa njiani,
kila mtoto wa Maweni anayo mdomoni,
chao, chao, mpaka mbuzi wanageuka.

Mchana wateja wakipungua
naifunika mashine ya fotokopi kwa kanga,
nafungua daftari: kushoto lugha yao, kulia yangu,
katikati mstari wa penseli uliopinda.
Na ajabu, safu iliyonitoa jasho
ni ya kulia.
Zoezi linataka: kama ningejua.
Nasita. Ningejua, au ningalijua?
Miaka kumi nawaandikia watu barua na maombi ya kazi
nikizichanganya hizo mbili kama chumvi na sukari
katika mikebe isiyoandikwa.
-Nge-: mlango umerudishwa tu, sukuma.
-Ngali-: umefungwa, na ufunguo umetumbukia kisimani.
Hilo sikulinyonya kwa mama.
Nimelipata zoezi la kumi na mbili, sehemu ya pili,
kwa watu wasiojua kama Kiswahili changu kipo.

Akaja Thoya wa Muyeye, mpishi,
kofia mkononi, unga wa piza bado kwenye kucha.
Sinyora amerudi kwao. Mshahara wa miezi mitatu
umepanda ndege naye.
"Niandikie," akasema, "lakini iwe na adabu."
"Adabu ilikuwa kwenye kurasa zilizoliwa," nikamjibu.
Akadhani natania.

Tulishinda nayo hiyo barua.
Yeye alitaka ataje kamba wa nazi,
usiku aliokesha na homa ya sinyora,
paka aliyeachiwa, ambaye naye anakula.
Mimi nilitaka kila kihusishi nilichokikariri
kipate pa kukaa.
Nikamsomea. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza kwa upole,
"Huyu anayesema ni nani?"

Nikaichana.
Nikaanza kulia kwanza, kwa lugha yetu,
sentensi fupi, kila moja na mzigo mmoja,
ndipo nikavuka mstari wa penseli.
Paka akabaki.
Kama ungelipa, watoto wangerudi shule.
Nikaikagua mara tatu hiyo -nge-.
Mlango sikumfungia.

Mwezi ukapita, bahasha ikaja.
Ndani, barua yetu wenyewe,
imesahihishwa kwa wino wa kijani:
kihusishi kimoja, irabu mbili zilizokosa alama juu,
na pembeni, kwa mwandiko mzuri wa mviringo,
Nani amekuandikia? Anaandika vizuri sana.

Naungama: nilifurahi.
Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja, labda mbili,
Thoya akiwa amesimama pale pale
akiigeuza karatasi mbele, nyuma,
akaitazama bahasha kwenye mwanga.
"Wapi wanaposema pesa?"

Hawakusema popote.

Kanga ilikuwa bado juu ya mashine. Sikuitoa.
Nikamvutia kiti, nikafungua daftari
ukurasa wa mia na tisa, ambao mchwa hawakuufikia,
nikaandika mstari mmoja tu,
kihusishi mahali pake, alama juu ya kila irabu,
asipate pa kutia kijani.
Palipokuwa na -nge-
nikaweka -ngali-.

Thoya akasaini polepole, herufi kubwa, jina lote.
"Sasa ina adabu?"
"Ina sarufi," nikamwambia.