Mgongo wa Kalina

Uso wake naweza kuusahau,
mgongo wake siwezi.
Miaka tisa nimekaa nyuma yake mashuani,
mashua nyembamba kama ganda la haragwe,
nikisoma kidoti kilicho chini ya shingo,
na bega la kushoto linalotangulia kupanda
kama la mtoto aliyetaka kuuliza swali darasani
akaghairi.

Mama alituita kwa majina ya matunda ya msituni,
Kalina, kisha mimi, Jagoda.
Anaendesha tramu namba tano mjini Bydgoszcz,
na kila akivuka daraja la mto Brda
hugonga kengele akituona majini.

Kalina ndiye aliyenifundisha kufunga malengelenge,
plasta kwanza, utepe baadaye, usilie.
Kalina huyohuyo, mwaka huu,
alifunika kioo cha mashine ya mazoezi kwa taulo
nisione namba zake.
Usiku nilishuka ghalani pekupeku,
nikaibonyeza mashine ikanitajia zote.
Nilipanda kitandani na baridi ya sakafu nyayoni.
Sikulala.

Mwezi Machi akashikwa na homa.
Nilimpikia supu ya viazi, nikampuliziia kijiko,
na huku napuliza nilikuwa naomba,
Mungu anisamehe,
homa ikae hadi Alhamisi.
Ilikaa hadi Jumatano.

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Kocha Waldemar hakwenda kulima,
alishika saa.
Nafasi ni moja, alisema, Brygida ana kiti chake tayari,
nanyi mko wawili.
Wanasema damu ni nzito kuliko maji.
Kwa Waldemar kila kizito kinapunguza mwendo.

Mashua mbili, mtu mmoja kila moja.
Mita elfu mbili, mara tatu.
Ya kwanza yake. Ya pili yangu.
Kabla ya ya tatu tulifungamana kando ya gati,
pua zinatiririka, hatusemezani,
akanyoosha mkono kwenye mashua yangu,
akatikisa chuma kinachoshika kasia.
Kimelegea.
Akatoa spana kwenye soksi, ile ya namba kumi,
akakaza mizunguko miwili, akajaribu, akakaza tena nusu.
Angenyamaza, nani angejua?
"Usinishukuru," alisema. "Sitaki kushinda chuma."

Mchezo huu unakwenda kinyumenyume.
Hatuoni tuendako, tunaona tulikotoka tu.
Anayeongoza huwaona wenzake wote,
anayeachwa haoni mtu,
husikia makasia ya mwingine nyuma ya masikio yake,
yakififia.

Mita mia tano, sikuona mtu.
Elfu moja, sikuona mtu,
nilimsikia tu, pumzi yake naijua,
ina mluzi mwishoni tangu alipovunjika pua.
Elfu na mia tano, kasia lake likaingia pembeni mwa jicho,
kisha mkono,
kisha lile bega linalotaka kuuliza.
Mapaja yangu yaliwaka hadi nikaonja shaba ulimini.
Darajani kengele ililia, mara moja.
Sijui ilikuwa ya nani. Mama naye hasemi.

Kisha mgongo wote,
kidoti na jasho na fulana iliyoganda,
mgongo uleule wa miaka tisa,
ila sasa ulikuwa unaniambia
kwamba nimempita.
Kwingine kote duniani
ukiona mgongo wa mtu ujue umeachwa.

Sehemu nne za kumi za sekunde.
Waldemar aliandika kwa penseli, akafunga daftari.

Tulibeba mashua yangu pamoja, kisha yake,
yeye mbele, mimi nyuma, kama kawaida.
Ghalani aliivua ile taulo kwenye mashine,
akajifutia uso, akakaa nayo usoni
muda mrefu kuliko jasho linavyohitaji.

Halafu akanirushia spana.
"Itunze," alisema.
"Brygida hakazi kitu."