Hakuna Faili

Flashi ya mama redio ya jikoni imeikataa.
Nimeichomoa, nimeipuliza, nimeipangusa kwa pindo la leso,
nimeirudisha. Kioo: “Hakuna faili.”

Fundi Shebwana, nyuma ya Marikiti,
hainui hata macho:
“Redio ya kale hii. Flashi imepangwa kisasa,
hazielewani. Tuifute, tuipange upya.”

“Kuifuta?”

“Kwani nimesema kutupa? Tunanakili kwanza.”

Kahawa vikombe viwili. Taa ndogo ya buluu
inawaka, inazimika, inawaka.

Nyimbo za harusi zinarudi, kumi na nne,
kisha faili lisilo na jina:
kikohozi, kijiko kikigonga sinia,
na yeye, mdomo karibu na simu:
“Imeshika hii?
Haya. Kama haikushika, basi.”